Vidonge vya Kwenye Kikopo cha Bobini

Habari hii nilisimuliwa na mdogo wangu wa mwisho, mwaka ule aliostaafu kazi ya uuguzi, siku tuliyokaa wawili tukichana nguo kuukuu ziwe matambara. Alikuwa ameificha zaidi ya miaka arobaini. Mambo yenyewe yalipotokea mimi nilikuwa nimeshaolewa, ninakaa mbali, na barua iliyonifikia ilisema tu kwamba Shangazi aliugua kidogo, akapona. Kidogo! Nilipoyasikia yote, tambara lilibaki mkononi nikasahau kulichana.

Mdogo wangu tulimwita Pini. Alikuwa mwembamba, na ukosi wa gauni lake kila siku ulikuwa na safu ya pini, maana kazi yake ilikuwa kuziokota sakafuni. Sote wawili tulilelewa na Shangazi, dada yake baba, katika chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji. Duka lilikuwa kwenye kona. Lilikuwa na milango miwili ya mbao, mmoja unafunguka na mwingine ulishakataa zamani. Ukiingia ulipokewa na harufu ya kitambaa kipya na pasi ya mkaa. Siku hizi pale kona wanauza simu. Nikipita huwa bado nanusa. Najua hakuna kitu, lakini pua yangu haiambiliki.

Watu wa dukani walikuwa watatu. Shangazi ndiye aliyepokea wateja, akawapima, akaandika vipimo katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mkataji wa vitambaa alikuwa bwana mmoja mrefu tuliyemwita Mkasi, na mdomo wake ulikata kuliko huo mkasi wenyewe. Mshonaji alikuwa Fundi Kimya. Huyo ungeweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka duka lifungwe, usisikie kitu ila cherehani.

Walikuwa na utaratibu wao. Nguo zilizokamilika zilipangwa kwenye rafu ukutani, mbele ya macho ya Shangazi. Rafu ikijaa, Shangazi hatoi vipimo vipya. Mkasi asipopewa vipimo hakati. Mkasi asipokata, Fundi Kimya anatia cherehani mafuta na kukunja mikono. Wateja wakija wakachukua nguo zao, rafu ikipata nafasi, Shangazi anagonga meza kwa rula: "Haya jamani, tuamke!" Na kazi inaanza tena. Nguo hazikurundikana hata siku moja, wala mtu hakukimbizwa.

Mwaka ninaousema Pini alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Akitoka shule anavua sare, anafagia nyuzi, anapitisha sumaku sakafuni kuokota pini, halafu anakaa karibu na Shangazi kumsomea vipimo, kwa sababu macho ya Shangazi yalikuwa yameanza kuchoka.

Lakini si macho yaliyomsumbua. Yaliyomsumbua ni maungo ya vidole. Yalivimba, yakawa mekundu, na asubuhi nyingine hakuweza hata kushika chaki. Alikuwa akiamka kabla ya wengine, anachovya mikono kwenye maji ya vuguvugu mpaka vidole vikubali kukunjika. Hakutaka mtu ajue.

"Fundi mwenye vidole vibovu," alimwambia Pini, "nani atampa kitambaa chake?"

Siku moja alikwenda mwenyewe kwenye duka la dawa, akaonyesha mikono. Muuzaji hakumuuliza mengi. Alimfungia vidonge vidogo vyeupe katika karatasi iliyoandikwa jina la dawa, akamwambia ameze kila asubuhi. Siku ya tatu Shangazi alimwita Pini chumbani, akafunga mlango, akachukua sindano, akaitunga uzi mwenyewe mara moja tu. Machozi yalimtoka.

"Umeona, mwanangu? Umeona vidole hivi?"

"Nimeona, Shangazi!"

"Basi usimwambie mtu. Si Mkasi, si Kimya, si dada yako kwenye barua zako. Hii ni ya kwetu wawili. Niapie."

Pini akaapa. Vidonge vikawekwa ndani ya kikopo cha bobini, vile vigurudumu vya uzi vya cherehani, chini kabisa, na kila Jumamosi Pini ndiye aliyetumwa kwenda kuleta vingine. Aliona fahari, mtoto yule. Kuaminiwa na Shangazi halikuwa jambo dogo.

Miezi ikapita. Uso wa Shangazi ukajaa, ukawa duara. Wateja wakamwambia, "Umenawiri kweli!" Naye akicheka, anajibu, "Ni raha tu za hapa." Alipata hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi mpaka jioni.

Sasa, duka lile lilikuwa na desturi yake moja tamu. Siku shule zinapofungwa kwa likizo ndefu, Shangazi alifunga daftari la wateja na kuwapima watu wake. Kila mmoja alipata nguo mpya. Mimi nilizivaa nguo za siku hiyo miaka kumi na moja, na mpaka leo nikishika shati lililopigwa pasi vizuri namkumbuka Shangazi akisema, "Simama wima, usivute tumbo, tepu haidanganywi."

Mwaka ule Shangazi alimpa Pini tepu. "Leo unipime wewe. Umeshakua."

Pini akampitishia tepu, moyo ukidunda kwa furaha.

"Kiuno?" akauliza Mkasi, kalamu mkononi.

"Inchi arobaini na tatu."

Mkasi akafunua kurasa za nyuma. "Mwaka jana thelathini na tano." Akapiga mluzi. "Mama, gauni lako hili litakula kitambaa cha mapazia."

"Wewe kazi yako kukata, hukuajiriwa kupiga miluzi," Shangazi akamjibu, na wote wakacheka. "Endelea, mwanangu. Mkono, hapa juu."

Pini akapima. Akapima tena. "Umepungua, Shangazi. Umepungua inchi moja na nusu."

"Umekosea. Rudia."

Akarudia. Jibu lilikuwa lile lile. Kiuno kimeongezeka inchi nane, mkono umekonda. Fundi Kimya aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Ajabu," alisema.

"Jamani, Kimya kasema neno!" Mkasi akapiga kelele. "Andikeni tarehe!"

Vicheko vikajaa, na jambo likaishia hapo. Ila kwa Pini halikuishia. Alikuwa ameona kitu kingine wakati akipima. Ngozi ya mkono wa Shangazi ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kuchorea vielelezo vya nguo, na ilikuwa na madoa ya zambarau mahali ambapo meza ilimgusa kidogo tu.

Shule zilipofunguliwa, wenzake wakaanza.

"We Pini! Kwenu mnamlisha Shangazi yako hamira?"

"Mfungeni kamba jamani, upepo usimchukue!"

Pini alitaka ardhi impasukie. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa afya aliwaeleza kwamba dawa nyingine zikitumiwa muda mrefu bila daktari huharibu mwili. Mwalimu aliendelea kusema na jambo la pili kuhusu dawa hizo, lakini Pini hakulisikia. Alikuwa ameshahamia kwenye mawazo yake. Kumbe ndivyo! Ni vile vidonge! Na anayevileta nyumbani kila Jumamosi ni nani? Ni yeye.

Hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwambia Shangazi. Au angemuuliza mwalimu. Lakini Pini alijua Shangazi atasema tu, "Mwanangu, vidole vyangu vikirudi kama zamani tutakula nini?" Basi akaamua kumponya peke yake. Jumamosi alikwenda mpaka mlangoni pa duka la dawa, akasimama, akageuka, akarudi na mikono mitupu.

"Zimeisha, Shangazi. Wamesema mpaka mwezi ujao."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Shangazi, na aliniambia kwamba hata sauti yake mwenyewe aliiona ngeni.

Shangazi alitikisa kikopo cha bobini. Vilibaki vidonge viwili. "Haidhuru," akasema. "Kazi yenyewe ni nyingi, nitavumilia."

Kwa kweli kazi ilikuwa nyingi. Walikuwa wanashona sare za shule nzima. Kidonge cha mwisho alikimeza Jumatatu. Jumatano akaanza kupima wateja akiwa amekaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alhamisi mwili mzima ukamuuma, si vidole tu, na akasukuma sahani yake pembeni. Isitoshe akapata mafua yaliyokuwa yakizunguka mtaani, na homa juu yake. Ijumaa alitapika mara mbili. Akisimama, kizunguzungu kinamrudisha kitini.

"Mama, nenda ukalale," Mkasi akamwambia.

"Nikilala nani apime?"

"Nitapima mimi."

"Wewe? Utaongea na mteja mpaka apungue kilo."

Pini alikuwa akiyaona yote. Alijifariji kwa maneno ya kitoto: ni sumu inatoka, kesho au keshokutwa itakuwa imekwisha, uso wake utarudi kama zamani.

Jumamosi asubuhi Shangazi alisimama kumpokea mteja, tepu shingoni. Akasema, "Karibu," halafu akaanguka. Hakukunja mikono kujikinga wala hakupiga kelele. Alishuka tu kama kitambaa kinachoteleza mezani.

Mkasi na Kimya walikunjua gora la kitambaa kizito cha makoti, wakamlaza juu yake, wakalikunja pande mbili wakapata pa kushikia, wakambeba hivyo mpaka kituo cha afya, mitaa minne. Pini alikimbia nyuma yao na kiatu kimoja.

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpima Shangazi presha, akaipima tena mkono wa pili. Muuguzi akamtundikia dripu.

"Presha imeshuka mno," Daktari akasema. "Huyu mama anatumia dawa gani?"

"Huyu?" Mkasi akajibu upesi. "Daktari, hajawahi kumeza hata kidonge. Mzima kama chuma!"

"Hata dawa ya kununua dukani? Hata ya kienyeji?"

"Hana. Nimefanya naye kazi miaka kumi na sita. Ningejua."

Daktari akaandika. Dripu ikaenda. Baada ya muda akarudi, akapima tena, na Pini akamwona akikunja uso. Muuguzi akanong'ona, "Haipandi." Midomo ya Shangazi ilikuwa mikavu na myeupe. Alikuwa akiitwa, haitiki.

Pini alisimama karibu na mlango. Ndiye peke yake aliyejua, katika chumba kile kizima. Akisema, amevunja kiapo. Na akisema, itamlazimu aseme na lile lingine, kwamba alidanganya. Watamwonaje? Shangazi mwenyewe akizinduka atamwonaje? Akaangalia dripu. Ikadondoka, ikadondoka.

Fundi Kimya alikuwa akimtazama. Sijui aliona nini kwenye uso wa mtoto yule. Aliinama mpaka macho yao yakawa sawa, akaweka mkono begani kwake.

"Sema," akamwambia.

Basi Pini akapiga moyo konde. "Daktari, anameza. Anameza kila siku. Miezi kumi sasa."

Daktari akageuka mzima mzima. "Anameza nini, mwanangu?"

"Vidonge. Vidogo, vyeupe, vina mstari katikati. Ni vya vidole vyake, vinavimba. Karatasi yake iko kwenye kikopo cha bobini, dukani."

Fundi Kimya hakungoja kutumwa. Alitoka mbio, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Na leo amemeza?"

"Hapana."

"Cha mwisho alimeza lini?"

"Jumatatu."

"Kwa nini aliacha?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Pini akaangalia mguu wake usio na kiatu.

"Mimi nilimwambia zimeisha dukani. Hazikuisha. Nilidanganya. Nilitaka apone, uso wake urudi."

Mkasi alikwenda akaushika mguu wa Shangazi, akaushikilia.

Daktari hakumkemea. Alimshika Pini kichwani kwa nukta moja tu, kisha akamgeukia muuguzi na kuagiza sindano, jina refu, ya kuchomwa kwenye mshipa, haraka. Kimya aliporudi na kikaratasi, jasho likimtiririka, Daktari alikisoma akaitikia kwa kichwa. "Ndicho nilichodhani. Umefanya vizuri, mtoto. Ningeendelea kumtia maji tu mpaka tungempoteza."

Kabla ya saa sita mchana presha ilianza kupanda. Saa nane Shangazi akafungua macho, akatazama dari, akatazama dripu, akasema kwa sauti ndogo, "Dukani nani anapima?"

Mkasi akalia kama mtoto.

Kesho yake Daktari alikuja na kiti, akakaa karibu na kitanda. Wote walikuwapo.

"Wewe mtoto wa fundi," akamwambia Pini, "hebu nieleze. Kwenu nguo inashonwaje? Nani anaanza?"

"Shangazi anapima, anampa Mkasi vipimo. Mkasi anakata, anampa Kimya. Kimya anashona, anaweka kwenye rafu."

"Na rafu ikijaa?"

"Shangazi hatoi vipimo. Wote wanapumzika."

"Basi na mwilini ni hivyo hivyo. Ndani ya ubongo yuko Shangazi mwingine, mdogo, anaangalia rafu. Chini yake kidogo iko tezi ndogo kama punje ya dengu. Huyo ni Mkasi."

"Naye anaongea sana?" Mkasi akauliza.

"Anaongea akiambiwa tu," Daktari akamjibu, na Shangazi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Halafu juu ya figo mbili zimekaa tezi mbili kama kofia. Hizo ndizo Kimya, zinashona. Wanachoshona ni homoni inayoitwa kotisoli. Ndiyo inayokuamsha asubuhi. Ndiyo inayokushikilia ukipata homa, ukiumia, ukipatwa na jambo zito. Rafu yao ni damu. Ikiwa na kotisoli ya kutosha, yule wa kichwani ananyamaza na wote wanapumzika. Ikipungua, anagonga meza. Mwili unajizuia na kujiamsha wenyewe namna hiyo kila siku, na ni vizuri uwe hivyo."

"Sasa vile vidonge?" Pini akauliza.

"Vile vinaitwa steroidi. Ni kama nguo za namna ile ile, ila zimeshonwa kiwandani. Kila asubuhi Shangazi yako alikuwa anamwaga rundo zima kwenye rafu. Yule wa kichwani hajui zimetoka wapi, anaona tu rafu imejaa. Atatoa vipimo?"

"Hatoi."

"Mkasi je?"

"Hakati."

"Na rafu ilijaa kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana mafuta yakajikusanya usoni na tumboni, misuli ya mikono ikapungua, ngozi ikawa nyembamba. Tepu yako haikukosea. Sasa niambieni nyinyi mafundi. Cherehani isiposhona miezi kumi inakuwaje?"

"Inashika kutu," akajibu Fundi Kimya, na safari hii hakuna aliyemtania.

"Naam. Halafu ghafla nguo za kiwandani hazikuja. Na wiki hiyo hiyo homa ikaingia, ni kama wateja mia wamejaa mlangoni wanataka nguo zao. Rafu tupu. Wa kugonga meza amesinzia, mkataji mkono mzito, cherehani ina kutu. Ndipo presha ikashuka, akaanguka."

Pini akasogea karibu. "Lakini Daktari, si kweli kwamba dawa zile zilikuwa zinamdhuru?"

"Zilikuwa zinamdhuru. Kuogopa uliogopa kwa haki. Lakini dawa hii si ya kukatwa kama uzi. Inapunguzwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, ili wale watatu waamke polepole, wapate kazi kidogo, watie mafuta cherehani yao. Na si sumu, usije ukaenda kuitangaza hivyo. Wapo watu wanaoishi kwa sababu yake. Ila aianzishe daktari, na aiachishe daktari."

Pini akakumbuka darasani, na lile jambo la pili la mwalimu ambalo hakulisikiliza. Hakuwa na haja ya kuuliza lilikuwa nini.

Daktari akaondoka. Pini akapiga magoti karibu na kitanda.

"Shangazi, nisamehe. Nilikudanganya."

Shangazi alimtazama. Uso wake ulikuwa bado duara, lakini macho yalikuwa yale yale tuliyoyajua.

"Ulinidanganya, na ningekufa," akasema. "Sitakuficha hilo, mwanangu, ulijue. Ila uongo huu haukuanza kwako. Ulianza kwangu. Mimi niliogopa watu wasije wakajua vidole vyangu vinauma, nikaenda kwa muuza dawa badala ya daktari, kisha nikakutwika siri ambayo mtoto hapaswi kuibeba. Wewe ukaibeba mpaka ikakulemea, ukajaribu kuitua peke yako, gizani."

"Nilikuapia, Shangazi. Nikavunja."

"Na Mungu akulipe kwa kukivunja kiapo hicho. Nisikilize vizuri. Mtu akikuambia usiseme, na unamwona anaumia, sema. Mwambie mkubwa, mwambie mwalimu, mwambie daktari. Akikasirika, atakasirika akiwa hai. Na wewe mwenyewe ukikosea, liseme kosa mapema lingali dogo. Wamenieleza kwamba jana ulilisema likiwa limeshakuwa kubwa, mbele ya watu wazima. Wengi wa umri wangu wasingeweza. Mimi nisingeweza."

"Utamwandikia dada?"

"Hilo si langu kuliandika. Utamwambia mwenyewe, siku ukiwa tayari." Akamgeukia Mkasi. "Na wewe, mdomo!"

"Mimi? Mimi kaburi," Mkasi akasema.

Na kweli, naomba niseme haki ya mtu huyu aliyekwisha kutangulia. Alizungumza kila kitu cha dunia hii, lakini hilo hakulitoa mpaka anakufa.

Nitangulie kidogo niwaambie yaliyofuata. Shangazi alikunywa vile vidonge miezi minane mingine, kila mara vikipunguzwa, na ndani ya blauzi yake alibandika kwa pini kadi ya Daktari, ili akizidiwa popote wajue. Vidole vyake vilipelekwa hospitali kubwa, vikapata dawa nyingine ya kuvituliza. Havikurudi kuwa vya msichana. Asubuhi za baridi vilimgomea, na siku hizo Pini ndiye aliyeshika tepu, Shangazi akiwa amekaa pembeni anamwelekeza. Wateja hawakukimbia. Aliyaogopa bure maneno yao miaka yote ile. Mama mmoja wa sokoni alimwambia tu, "Vidole vikiuma si useme, nguo yangu itasubiri." Na ikasubiri.

Lakini nirudi wodini, mchana ule, maana Pini aliponisimulia, hapo ndipo alipokawia zaidi, na mimi napaona kama nilikuwapo. Dirisha lilikuwa wazi. Nje mtu alikuwa anafagia njia ya changarawe. Muuguzi alishusha pazia la kijani ili jua lisimpige mgonjwa, chumba kizima kikawa na rangi ya maji. Shangazi alisinzia wa kwanza, mkono wake wenye dripu juu ya shuka. Mkasi alikuwa anaanza kusimulia habari ya mteja mmoja mwenye mabega ya kupanda na kushuka, akaikatisha katikati, kichwa kikaanguka kifuani. Fundi Kimya aliegemea ukuta, akafumba macho bila kuaga mtu.

Pini aliambiwa alale kwenye mkeka kando ya kitanda. Alikataa. Alisema atalinda dripu, isije ikaisha. Akakaa, mgongo wima, akihesabu matone kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa anapumua taratibu, pumzi ndefu, bila kukwama. Pini akahesabu hamsini. Akahesabu mia. Kwenye mia moja na kumi na saba aliruka tone moja, akarudi nyuma, akaanza tena thelathini badala ya mia, na kabla hajajisahihisha kichwa chake kilikuwa kimeshalala kwenye ukingo wa godoro.